Folda ya gigabaiti 30 imehama kwa kufumba na kufumbua: folda ni kitu gani hasa ndani ya diski?

Mchunguzi_Mdogo ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa miaka mingi nimetumia kompyuta nikiamini kwamba folda ni kama sanduku, na kwamba mafaili yamo ndani yake kama nguo zilivyokunjwa sandukuni. Wiki hii imani hiyo imetikiswa na mambo matatu niliyoyaona kwenye kompyuta yangu inayotumia Linux, nami naomba mwenye ujuzi anieleweshe.

Kwanza, nilihamisha folda ya video yenye jumla ya gigabaiti 30 kutoka saraka (yaani folda) moja kwenda nyingine katika diski ileile, na kazi ikaisha kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Nilipojaribu kuihamishia folda hiyohiyo kwenye flashi, nilisubiri karibu nusu saa. Neno nililolichagua kwenye menyu ni lilelile, "hamisha", na mafaili ni yaleyale.

Pili, nilipoandika amri ya `ls -ld` ili nione ukubwa wa folda hiyo, niliambiwa kwamba ina baiti 4096. Gigabaiti 30 zimeingiaje ndani ya kitu cha baiti 4096?

Tatu, katika zoezi lile la flashi, video moja ya gigabaiti 5 ilikataliwa katakata ikidaiwa kwamba ni kubwa mno, ilhali flashi ilikuwa na nafasi tele. Sijui kama jambo hili la tatu linahusiana na yale mawili, lakini naliweka hapa kwa kuwa yametokea pamoja. Ningependa pia kujua kama Windows hufanya vivyo hivyo.

---

Msomaji_wa_Diski amejibu:

Ndugu Mchunguzi, mambo yako mawili ya kwanza yana shina moja, na hilo la tatu nitamwachia mwenzangu anayeijua vizuri mifumo ya upande wa pili.

Picha ya sanduku tumepewa na waliochora alama za kwenye skrini, na haina ubaya wowote kwa mtu anayetafuta barua yake, ila ukiifuata hadi ndani ya diski itakupoteza. Diski yenyewe haijui folda, haijui jina, haijui hata faili. Mbele ya mfumo endeshi, diski ni safu ndefu ya vipande vilivyopewa nambari, ambavyo mfumo wa faili huvigawa kwa mafungu yaitwayo bloku, mara nyingi ya baiti 4096 kila moja. Mengine yote tunayoyaona, yaani majina, folda na mpangilio wa folda ndani ya folda, ni uwekaji wa hesabu unaofanywa na mfumo wa faili.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, Linux ikiwamo, hesabu hiyo imegawanywa kwenye madaftari mawili, na ukishaielewa mipaka kati ya hayo mawili, mshangao wako utakwisha. Daftari la kwanza ni la ainodi. Kila faili lina ainodi yake, ambayo ni kumbukumbu ndogo (katika ext4, mfumo wa faili unaotumiwa sana kwenye Linux, kwa kawaida ni baiti 256) inayobeba ukubwa wa faili, mwenye nalo, ruhusa, saa lilipobadilishwa, na muhimu zaidi, orodha ya bloku zilizobeba yaliyomo. Kila ainodi ina nambari. Angalia ninachokiacha nje: jina halimo. Unaweza kuisoma ainodi mwanzo hadi mwisho usijue faili hilo linaitwaje.

Majina yamo katika daftari la pili, nalo ndilo saraka. Saraka ni faili kama mafaili mengine, lenye ainodi yake na bloku zake, isipokuwa yaliyomo ndani yake ni orodha ya mistari, na kila mstari una jina na nambari ya ainodi, basi. Katika toleo la saba la Unix, la mwaka 1979, kila mstari ulikuwa na baiti 16 kamili: 2 za nambari na 14 za jina, ndiyo maana jina halikuweza kuzidi herufi 14. Siku hizi mstari unarefuka kulingana na jina, na ext4 inakubali hadi baiti 255, lakini wazo halijabadilika.

Hapo ndipo baiti 4096 zinapopata maelezo. Ulichopimiwa ni ukubwa wa orodha, ambayo imetosha katika bloku moja. Video zako hazikuwahi kuwa ndani ya saraka hiyo, kwani kilichomo ni majina yake na nambari zake. Ukitaka jumla ya video zenyewe, amri ni `du -sh`, ambayo hulazimika kupita ainodi moja baada ya nyingine ikijumlisha, na ndiyo maana huchukua muda.

Tuseme programu imeomba kufungua `/home/asha/picha/mto.jpg`. Kiini cha mfumo endeshi huanzia kwenye saraka ya mzizi, ambayo katika ext4 huwa ni ainodi nambari 2 siku zote. Kinafungua orodha yake, kinatafuta neno "home", kinapata nambari, kinaifuata nambari hiyo, kinahakikisha kwamba mwombaji ana ruhusa ya kupita, kinafungua orodha inayofuata na kutafuta "asha", vivyo hivyo hadi "mto.jpg". Njia unayoiandika, pamoja na mishazari yake, ni maelekezo ya safari tu, wala haimo mahali popote diskini kama maandishi mamoja.

Sasa, kuhamisha. Ulipoipeleka folda ya video kwenye saraka nyingine ya diski ileile, mstari mmoja ulifutwa katika orodha moja na ukaandikwa katika orodha nyingine ukiwa na nambari ileile. Kwa kuwa ni folda, na kila folda hubeba mstari wa nukta mbili unaoelekeza kwa mzazi wake, mstari huo nao ukarekebishwa. Hakuna video hata moja iliyosomwa. Folda ingekuwa na gigabaiti 3,000, kazi ingekuwa hiyohiyo.

Kwenye flashi mambo hayaendi hivyo, kwa sababu nambari ya ainodi ina maana ndani ya mfumo wake wa faili peke yake. Flashi ina daftari lake lenye hesabu zake, na kumwandikia humo "tazama nambari 1311042" ni sawa na kumpa mtu nambari ya chumba bila kumwambia ni ya jengo gani. Kiini kinakataa kubadilisha mstari, nayo programu ya `mv` inageukia mbinu ya pili: inanakili kila baiti, kisha inafuta kule ilikotoka. Kwa hiyo neno "hamisha" limebeba kazi mbili ambazo hazifanani hata chembe, na kwa maoni yangu ni kosa la waundaji wa menyu kwamba hawatuonyi. Jambo hili halihusiani na umbali. Hata diski moja ikigawanywa sehemu mbili zenye mifumo miwili ya faili, kutoka sehemu moja kwenda nyingine ni kunakili.

Ukitaka kuliona kwa macho yako, tengeneza faili dogo, kisha ulipe jina la pili kwa amri ya `ln` bila chaguo lolote, halafu uandike `ls -li`. Tuletee majibu.

---

Fundi_wa_Zamani amejibu:

Maelezo ya Msomaji ni mazuri, na nina sentensi moja tu ya kuongeza kando yake: kwamba jina halimo katika kumbukumbu ya faili ni kweli kwa jamii ya Unix, lakini si kweli kila mahali, na flashi yako ndiyo shahidi. Nina hakika kubwa kwamba imeandaliwa kwa FAT32, moja ya matoleo ya mfumo wa faili uitwao FAT.

FAT ni mfumo wa miaka ya 1970, uliobuniwa kwa ajili ya diski ndogo, nao haujui ainodi. Mstari wa saraka una baiti 32, na ndani yake kumerundikwa kila kitu: jina la herufi 8 na kiendelezi cha herufi 3, sifa za faili, tarehe, nambari ya fungu la kwanza la yaliyomo, na ukubwa. Majina marefu tuliyoyazoea yalipachikwa baadaye, wakati wa Windows 95, kwa kutumia mistari ya ziada. Ili kujua yaliyomo yanaendelea wapi baada ya fungu la kwanza, mfumo hutazama jedwali lililo mwanzoni mwa diski, ambamo kila fungu linataja linalofuata, kama watu walioshikana mikono gizani. Jedwali hilo, kwa Kiingereza File Allocation Table, ndilo lililoupa mfumo huu jina lake.

Sehemu ya ukubwa katika mstari huo imetengewa baiti 4, na nambari kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa katika baiti 4 ni 4,294,967,295. Video yako ya gigabaiti 5 haina pa kuandikiwa ukubwa wake, hata flashi ikiwa tupu kabisa. Hamisha vilivyomo, iandae upya flashi kwa exFAT, mfumo wa baadaye usio na kikomo hicho, na tatizo litakwisha.

Kuhusu Windows, diski yake kuu kwa kawaida hutumia NTFS, mfumo uliotoka na Windows NT mwaka 1993, ambao kwa tabia umekaribia zaidi ule wa Msomaji. Upo mwongozo mkuu ambamo kila faili lina kumbukumbu yake, mara nyingi ya kilobaiti 1, na saraka ya mzizi huwa ni kumbukumbu nambari 5. Faili likiwa dogo sana, la baiti mia chache, yaliyomo huwekwa ndani ya kumbukumbu hiyohiyo bila kupewa fungu lolote nje yake. Kuhamisha ndani ya C: ni kwa papo hapo, na kutoka C: kwenda D: ni kunakili, hata kama zote mbili ni diski moja ukiifungua kwa bisibisi.

Na kwa kuwa nimetaja herufi hizo: hazina siri kubwa. Ni urithi wa CP/M, mfumo endeshi wa zamani, uliopokelewa na MS-DOS ya mwaka 1981, ambapo A na B zilikuwa za diski laini. Wakati huo folda hazikuwapo kabisa. Diski laini ya kilobaiti 160 ilikuwa na orodha moja tu yenye nafasi 64 za majina, na kwa diski ya kiasi hicho ilitosha. Mwaka 1983 kompyuta ya IBM PC XT ilikuja na diski ngumu ya megabaiti 10, na toleo la 2.0 la MS-DOS likaleta saraka ndani ya saraka kwa kufuata mfano wa Unix. Mshazari wa kawaida ulikuwa umekwisha kutumiwa kuandikia chaguo za amri, hivyo njia zikaandikwa kwa mshazari ulioinamia upande wa pili, nasi tunaendelea kuchanganyikiwa hadi leo.

Unix haina herufi za diski. Kuna mti mmoja, na flashi unayoichomeka hupachikwa juu ya saraka fulani, mara nyingi ndani ya `/media` au `/run/media`, ili ionekane kama tawi jingine. Ni mpangilio mzuri, ila ndio uliokuficha mpaka uliouvuka, kwa sababu kwa macho hakuna kilichokuonyesha kwamba umetoka katika daftari moja na kuingia jingine.

---

Mchunguzi_Mdogo amejibu:

Nawashukuru nyote. Flashi kweli ilikuwa ya FAT32. Nimefanya jaribio nililoelekezwa, na haya ndiyo niliyoyapata:

`1311042 -rw-r--r-- 2 ... 7 barua.txt`
`1311042 -rw-r--r-- 2 ... 7 jina_la_pili.txt`

Nambari ni moja, na kati ya ruhusa na mwenye faili kuna tarakimu 2 ambayo zamani nilikuwa naiona ni 1. Niliongeza neno kwa kutumia jina la kwanza, nikalikuta neno hilo nilipofungua kwa jina la pili. Nikafuta `barua.txt`, `jina_la_pili.txt` likabaki zima, na ile 2 ikarudi kuwa 1.

Hapa nimepata swali jipya. Ikiwa nimefuta na hakuna kilichofutika, kufuta ni nini? Na swali la woga kidogo: katika ile sekunde moja ya kuhamisha folda, mstari ukiwa umeondolewa katika orodha ya kwanza na haujaandikwa katika ya pili, umeme ukikatika, gigabaiti 30 zangu zitakuwa wapi?

---

Mlinzi_wa_Seva amejibu:

Nitashika swali la kufuta, kwa sababu liliwahi kuninyima usingizi.

Tarakimu uliyoiona ni hesabu ya majina yanayoielekea ainodi hiyo. Amri ya kufuta haigusi yaliyomo. Inaondoa jina na kupunguza hesabu kwa moja. Hesabu ikifika sifuri, na pakawa hapana programu yoyote iliyolifungua faili hilo, ndipo bloku zake zinaporudishwa katika orodha ya bloku huru. Masharti ni mawili, na watu wengi hulisahau la pili.

Mimi nililisahau. Seva niliyokuwa naiangalia ilijaa diski asilimia 100 usiku, na mkosaji alikuwa faili moja la kumbukumbu za matukio lililofura hadi gigabaiti 40. Nikalifuta kwa furaha. Nikaandika `df`, bado asilimia 100. Nikaandika `du`, ikaniambia kwamba vilivyomo havifiki hata nusu ya diski. Amri mbili za mfumo uleule zilikuwa zikipingana mbele yangu, na nikakaa hapo kwa zaidi ya saa moja nikidhani kwamba diski imeharibika. Zote mbili zilikuwa zinasema kweli: `du` hupita saraka kwa saraka na kuhesabu yenye majina, ilhali `df` huuliza mfumo wa faili ni bloku ngapi zimeshikwa. Programu iliyokuwa ikiandika kumbukumbu zile ilikuwa bado imelishika faili lililokwisha kupoteza jina, na kibaya zaidi ilikuwa ikiendelea kuliandikia. Amri ya `lsof +L1` ingenionyesha mara moja, maana huorodhesha mafaili yaliyofunguliwa ambayo hesabu ya majina yake imeshuka chini ya moja. Nilipoianzisha programu ile upya, nafasi yote ilirudi.

Liko na jambo jingine linalofuatana na hili, ambalo huwashangaza hata waliobobea kidogo. Kwa kuwa kufuta ni kubadilisha orodha, ruhusa inayohitajika ni ya kuandika katika saraka, si katika faili. Mtu anaweza kulifuta faili ambalo haruhusiwi hata kulisoma, mradi saraka ni yake. Saraka ya `/tmp`, ya mafaili ya muda, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuandika, imewekewa alama ya pekee inayomzuia mtu kufuta mafaili ya wengine, vinginevyo ingekuwa vurugu tupu.

Na kama utaendesha seva siku moja, ujue kwamba ainodi nazo huisha. Katika ext4 idadi yake hupangwa siku mfumo wa faili unapoundwa, kwa kawaida ainodi moja kwa kila baiti 16,384 za nafasi, hivyo sehemu ya gigabaiti 20 hupata kama milioni 1.3. Programu moja inayozaa vifaili vya baiti chache kwa mamilioni inaweza kuzimaliza zote, ukaambiwa kwamba hakuna nafasi huku nusu ya diski ikiwa wazi. `df -i` ndiyo itakayokuonyesha. XFS na Btrfs, mifumo mingine ya faili ya Linux, hazina shida hiyo, kwa sababu huongeza ainodi kadiri zinavyohitajika.

---

Msomaji_wa_Diski amejibu:

Kuhusu umeme, Ndugu Mchunguzi, woga wako una msingi, na zamani ulikuwa na msingi zaidi. Katika ext2, mfumo mkuu wa faili wa Linux katika miaka ya 1990, mabadiliko ya orodha hizo yaliandikwa kila moja kwa wakati wake, na umeme ukikatika katikati, kompyuta ikiwashwa ilibidi ukaguliwe mfumo wote wa faili kabla ya kuutumia, kazi ambayo kwa diski kubwa ilichukua dakika nyingi, pengine saa.

Tangu ext3, iliyoingia katika Linux mwaka 2001, lipo daftari la tatu, la mabadiliko yanayokusudiwa. Kabla ya kugusa orodha yoyote, mfumo huandika humo mabadiliko yote ya kuhamisha kama fungu moja: ondoa mstari huku, andika kule, rekebisha nukta mbili. Fungu likishakamilika na kutiwa alama ya mwisho, ndipo orodha zenyewe zinapobadilishwa. Umeme ukikatika kabla ya alama hiyo, fungu hutupwa na folda inabaki ilikokuwa. Ukikatika baada yake, mfumo hulisoma fungu upya ukiwashwa na kumalizia kazi. Hakuna hali ya kuwa katikati. Lakini kwa mpangilio wa kawaida daftari hilo hulinda majina na ainodi, wala halibebi yaliyomo, hivyo barua uliyokuwa ukiiandika wakati umeme unakatika bado inaweza kupotea sehemu yake.

Na kama yote hayo yakishindikana, diski ikawa na hitilafu na orodha ikaharibika huku ainodi zikiwa salama, programu ya ukaguzi hukusanya kila ainodi iliyokosa jina na kuiweka katika saraka iitwayo `lost+found`, ambayo utaikuta kwenye mzizi wa kila mfumo wa ext4. Kwa kuwa jina halikuwahi kuandikwa ndani ya ainodi, programu haina la kuipa isipokuwa nambari yake. Barua yako ya jaribio ingeonekana humo ikiitwa `#1311042`.